Kumi na Sita Mezani kwa Chelimo

Aliyenisimulia haya ni Rosaline, muuza viatu wa soko la mitumba pale Kitale, na Rosaline namjua vizuri. Akikuuzia kiatu kilichotoboka atakwambia kimetoboka. Kwa hiyo wewe uliyeanza kukunja uso hata kabla sijafika popote, kunjua. Sikiliza kwanza, ubishi baadaye.

Ilikuwa Jumanne ya kawaida tu, mwezi wa tano, jua la asubuhi linawaka na kila mtu anajua kwamba ikifika saa tisa mvua itashuka. Chelimo, ambaye meza yake ilipakana na ya Rosaline, alikuwa amefungua belo la makoti. Mama wa miaka hamsini na minane, mjane, mwembamba, mwenye mazoea ya kupekua kila mfuko kabla ya kutundika koti. Huko yanakotoka makoti watu husahau vitu: leso, tiketi, peremende zilizoyeyuka. Siku hiyo, ndani ya koti moja la kijivu, alitoa pakiti ya karata.

"Hizi si za kucheza," Rosaline alisema, macho yamemtoka. "Hizi ni taroti, Mama Jerop! Za kusoma mambo ya mtu. Mimi nimejifunza kwa simu, lakini sijawahi kushika zenyewe."

"Weka mbali. Mimi ni mtu wa kanisa."

"Si hata mimi ni wa kanisa? Ni kupitisha wakati tu, bana."

Angekuwa na mtu nyumbani, Chelimo angezitupa kwenye takataka na mimi nisingekuwa na la kuwaambia. Lakini alikuwa anarudi kijijini kwake, panapoitwa Kwanza, kwenye nyumba ya vyumba vitano aliyoijenga na marehemu Kipsang wakitumaini itajaa watoto. Walijaliwa mmoja, Jerop, naye aliolewa Mabanga, karibu na mji wa Bungoma. Jioni Chelimo akizima redio alibaki na saa ya ukutani. Siku hizi alikula akiwa amesimama jikoni, kwa sababu kukaa peke yako kwenye meza ndefu, jamani, kunauma. Basi akazitia karata kwenye kikapu, akafunika na sukumawiki.

Moyoni alikuwa na ombi moja. Jerop alikuwa na mimba ya miezi minane. Mbili zilizotangulia ziliharibika, na ya pili nusura imchukue na mama mtu. Chelimo aliomba huyu wa tatu akae. Usiku, mchana, akipika, akitundika makoti: huyu akae tu, Mungu wangu.

Kujifunza hakukuwa kugumu mwanzoni. Rosaline alimwelekeza pale sokoni wateja wakipungua. Mnara ni mambo kubomoka. Jua ni furaha. Vikombe ni mambo ya moyo, mapanga ni maneno na uchungu, fimbo ni kazi na moto wa mtu, sarafu ni shamba na mali. Chelimo alishika yote upesi. Zilizomshinda ni zile karata kumi na sita zenye watu, ambazo Rosaline aliziita watu wa ikulu: kila kundi na mfalme wake, malkia wake, mpanda farasi na mtumishi.

"Sasa huyu akitokea," Chelimo aliuliza, ameshika Mpanda Farasi wa Mapanga, "nitajuaje kama ni mtu anakuja, ama ni mimi mwenyewe?"

"Hapo ndipo kila mtu hukwama," Rosaline akacheka. "Fanya hivi. Kila mmoja mpe jina la mtu unayemjua. Mimi Mfalme wa Sarafu nimemwita landilodi. Malkia wa Mapanga ni mke wa kaka yangu, na hapo sijamsingizia. Halafu kila siku unaweka karata mezani, unaita jina kwa sauti. Wiki moja utakuwa umezishika. Lakini malkia mmoja lazima awe wewe. Usijisahau."

Chelimo alienda nyumbani akaketi kwenye ile meza ndefu. Mtu wa kwanza aliyemjia akilini alikuwa mama yake, Chepngeno, mwanamke wa huruma aliyevuta ugoro mpaka siku ya mwisho. Akawa Malkia wa Vikombe. Kipsang akawa Mfalme wa Fimbo. Kaka yake Nehemiah, aliyekufa kwa pikipiki, akawa yule mpanda farasi wa mapanga. Shangazi Chepkemei. Baba. Nyanya wa pande zote mbili. Alidhani hatafikisha. Alifikisha kumi na tano bila hata kukuna kichwa, na alipotazama akakuta wote ni marehemu. Ukimtoa Jerop, watu aliowajua vizuri walikuwa wamekwisha. Wa kumi na sita, Malkia wa Sarafu, mwanamke aliyeketi shambani amepakata sarafu kama mtu aliyepakata mtoto, akamwita Chelimo.

Sasa ngoja niwaeleze jambo ambalo Rosaline, binti wa watu wa Nyeri aliyezaliwa na kulelewa Kitale, hakulijua. Kwao Chelimo mtoto akizaliwa, wanawake wazima humzunguka na kuita majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, polepole, mpaka mtoto apige chafya. Jina lililoitwa akapiga chafya ndilo lake. Ni huyo amerudi. Aliye hai haitwi, hata kwa utani. Wala majina hayo hayaitwi hivyo mahali ambapo hakuna mtoto. Anayeitwa akija, atakaa wapi?

Chelimo aliyajua hayo tangu utotoni. Lakini alijiambia karata ni karata.

Alhamisi, saa kumi, mvua ikipiga mabati mpaka redio haisikiki, aliweka Malkia wa Vikombe mezani.

"Chepngeno," akaita.

Kwenye kiti cha dirishani mtu akapiga chafya.

Haikuwa paka. Hakuwa na paka. Ilikuwa chafya ya mwanamke mzee, yenye kamluzi kadogo mwishoni, na Chelimo alikuwa ameisikia utoto wake wote. Kiti kilikuwa kitupu. Lakini harufu ya ugoro ilimfikia, kali, mbichi, ikamchoma puani.

Mimi ningetoka hapo mbio, viatu nitavifuata kesho. Nyinyi pia, msinidanganye. Chelimo alikaa, machozi yakimtoka. Halafu akainuka, akapika chai. Akamimina vikombe viwili.

"Karibu mama," akanong'ona.

Aliporudi kutoka kuchukua sukari, kikombe cha dirishani kilikuwa kimekwisha. Yalikuwa yamebaki majani ya chai tu.

Ijumaa akamwita Kipsang. Jumamosi baba yake. Wiki iliyofuata alipita kwa muuza vyombo Kitale akanunua vikombe dazeni.

"Una wageni?" Rosaline alimuuliza.

"Wachache."

Baadaye alimweleza kila kitu, polepole, akikunja koti lile lile mara tatu. Rosaline akamnyang'anya koti. Akamwambia achome hizo karata leo hii. Chelimo akamtazama.

"Niwachome? Si ndio nimewapata?"

"Na wanakwambia nini?"

Hapo Chelimo akainamisha kichwa. "Hawaongei. Wanakunywa tu chai."

Kumi na tano ndani ya nyumba, na bado hakuna wa kumuuliza ameshindaje. Lakini viti vilikuwa na joto akipitisha mkono, na alikuwa anakula akiwa ameketi.

Jerop alijifungua msichana Jumapili, salama salimini. Chelimo akapiga magoti jikoni akashukuru. Jumanne, akiwa bado sokoni anatafuta mtu wa kumshikia meza ili aende Mabanga, simu ikalia.

"Mama, mtoto hanyonyi," Jerop alisema. "Halii. Hospitali wamempima kila kitu, wanasema hana ugonjwa. Amelala tu."

Nakhungu, mama mkwe wa Jerop, akachukua simu. "Mama Jerop, huyu mtoto analala usiku na mchana. Sisi tumeita wa kwetu wote, kwa desturi yetu, hakuna aliyemtaka. Sasa ni nyinyi. Njoo uite wa kwenu."

Chelimo akaanza kufunga meza. Wa kwao. Wa kwao wote walikuwa nyumbani kwake, wanamngoja na chai.

Mvua ya siku hiyo ilikuwa imekata barabara ya Mabanga na daraja la bondeni halikupitika. Alijaribu Jumatano, akarudishwa. Alhamisi, akarudishwa. Ijumaa saa kumi kasorobo, Jerop alipiga akilia kwa sauti ndogo, sauti ya mtu aliyekwisha kuona jambo hili mara mbili.

"Mama, anaanza kuwa baridi."

"Weka simu karibu na sikio lake," Chelimo akasema. "Weka sauti mpaka mwisho. Nitaita kutoka huku."

Alipanga vikombe kumi na tano. Mbele ya kila kimoja akaweka karata ya mwenyewe. Cha kumi na sita chake, kwenye kichwa cha meza. Akamimina chai kote, kwa heshima, kwa sababu alikuwa karibu kuwafukuza.

"Chepngeno."

Mabanga kimya.

Kwenye kiti cha dirishani, chafya.

"Mama?" Jerop akauliza. "Umeshikwa na homa?"

"Hapana. Ngoja. Kipsang."

Chafya nzito, ya mwanamume, upande wake wa kushoto. Simu kimya.

"Nehemiah."

Chafya.

"Chepkemei."

Chafya.

Aliwaita wote. Wote walimwitikia, pale pale mezani. Hakuna hata mmoja aliyeitika Mabanga.

"Nendeni," akanong'ona. "Nawaomba. Ni mtoto wa Jerop. Mama, si wewe ulimbeba Jerop mgongoni? Nenda basi. Kipsang, ni mjukuu wako."

Kiti hakikusogea. Hakuna aliyeinuka. Walikuwa wamezoea.

Hasira ilimpanda, akatamani kupindua meza. Ni yeye aliyewaita. Yeye aliyewakaribisha, akawanunulia vikombe. Alitaka watu nyumbani, akawapata, na sasa kule Mabanga palikuwa na kitoto kinapoa kwa sababu nyanya yake aliogopa kula peke yake.

Mkono wake ukagusa karata ya mwisho. Malkia wa Sarafu. Alimtazama kwa muda mrefu yule mwanamke, na kile alichokipakata. Mtu anakuja, ama ni mimi mwenyewe?

"Jerop."

"Mama."

"Umekula?"

"Nimekula uji."

"Kula ugali pia. Maziwa hayaji kwa uji peke yake."

"Sawa, mama."

Chelimo akashika meza kwa mikono miwili.

"Chelimo," akaita.

Kwenye simu, mbali, chafya. Ndogo. Ya pua ndogo kabisa.

Halafu kilio. Kilio cha mtoto mwenye njaa na ghadhabu, na vigelegele vya Nakhungu, na Jerop anacheka na kulia kwa pamoja. "Mama! Umesikia? Ananyonya! Mama, si umejiita wewe, jina lako? Mama?"

Jerop anasema kwamba upande wa pili alisikia vikombe vikiwekwa mezani, vingi, kwa mpigo. Kisha viti vikisukumwa nyuma, kama watu wengi wanaoinuka kumpisha mgeni. Kisha simu ikakatika.

Asubuhi meza ya Chelimo sokoni haikufunguliwa. Rosaline akachukua bodaboda mpaka Kwanza. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Jirani mmoja, Kimotho, akauvunja kwa jembe.

Chelimo alikuwa kwenye kichwa cha meza, mikono juu ya kitambaa, amekwisha kuwa wa baridi na mgumu. Kimotho, ambaye ameosha maiti wengi, alisema huyu amekufa jana kabla ya giza. Mezani vikombe kumi na tano vilikuwa vitupu, majani yamekauka chini. Cha kumi na sita kilikuwa mbele yake, kimejaa. Rosaline hajui kwa nini alikigusa. Kilikuwa cha moto, kinafuka, na jiko lilikuwa majivu matupu. Akatoka nje akakaa kwenye matope, akalia kwa sauti kama mtoto.

Walimzika Jumamosi iliyofuata. Daraja lilikuwa limetengenezwa, na Jerop alikuja na mtoto, kitoto chenye afya, kinanyonya bila kupumzika. Chelimo mdogo. Nakhungu alimpa Rosaline ambebe kidogo.

"Ni mzima kabisa," Nakhungu akamwambia kwa sauti ya chini. "Ni huu mkono wa kushoto tu. Tangu apige chafya hajaukunjua. Hata nikimwosha."

Rosaline akaingiza kidole kwenye kile kingumi, akakibembeleza. Mtoto akamtazama, akamtazama sana, kisha akaukunjua mkono.

Kiganjani kulikuwa na majani ya chai. Yalikuwa yamelowa, na bado yalikuwa na joto.