Pindo la Gauni la Mkunga

Haya yalimpata rafiki yangu, mkunga mstaafu, mwanamke asiyetia chumvi maneno. Alinunua kwa bei ya kutupa kitabu kikuukuu cha ushonaji, akajishonea gauni la kuvaa kesho yake kwenye harusi ya mwanawe wa pekee. Likabaki pindo tu, lakini kurasa za mapindo zilikuwa zimechanwa.

"Kitabu cha nini? Mama zetu walishona bila kusoma," mdogo wake alimcheka. "Livae, nikupimie."

Alilivaa chumbani, na umeme ukakatika. Gizani akasikia uzi ukivutwa kwenye kitambaa, srrr, kisha tena, chini miguuni pake.

"Taratibu, mdogo wangu, utanichoma."

"Nikuchome na nini, dada? Niko jikoni natafuta kiberiti!"

Uzi haukusita. Mkunga alitaka kukimbia, akaanguka kifudifudi.

Mdogo wake alipoleta mshumaa, waliona pindo limeshonwa kwa mkono, mishono midogo isiyo na kasoro, mbele kumeunganishwa na nyuma kama mdomo wa gunia. Uzi ulikuwa haujakatwa. Ulipita sakafuni ukaingia chini ya kitanda, nao ulikuwa umekazwa.