Honi ya Saa Kumi na Moja na Robo

Jumamosi hiyo duka la vipuri lilikuwa limefurika. Madereva, mafundi na wapita njia walibanana kwenye kaunta, kila mmoja ameinua kitu chake cha zamani akitaka kipya cha kufanana nacho. Katikati yao kijana mmoja mrefu, shati lake jeupe limejaa madoa ya rangi, alikuwa anaomba kwa mara ya tatu.

"Betri ya volti sita, tafadhali."

Muuzaji alicheka mpaka akainama. "Kaka, hilo gari ulirithi kwa Nabii Nuhu?"

Watu wakaangua kicheko. Kijana alianza kurudi nyuma, akamkanyaga mtu mguu.

"Samahani sana, dada."

"Usijali, nina mguu mwingine," alijibu msichana aliyekanyagwa. "Wasikusumbue. Volti sita zilikuwepo, na yalikuwa magari ya maana. Ni pikapu?"

Alivaa ovaroli ya buluu iliyokunjwa mikono, kitambaa cha njano kichwani, herini ndogo za duara, na kiganjani alishika fyuzi za rangi mbalimbali kama peremende.

"Ni pikapu. Ya marehemu baba. Umejuaje?"

"Mimi ni fundi umeme wa magari. Nikisikia mtu anataja volti sita, moyo unaruka."

"Na wangu umeruka sasa hivi, ila si kwa ajili ya betri."

"Polepole," alisema, lakini alikuwa anatabasamu. "Hata hujaniambia gari lina umri gani."

Kijana alikuwa mwandika mabango ya maduka, na mtaa mzima ulimwita Brashi. Alitaka pikapu iamke ili abebee ngazi na mbao zake. Fundi alimshauri aachane na volti sita, aweke mfumo mzima wa volti kumi na mbili: betri, alteneta, koili, balbu na waya zote mpya. Walipotoka dukani Brashi alikuwa na namba ya simu, naye Fundi alikuwa na kazi ya wiki tatu.

Jumatatu Fundi alifika nyumbani kwa akina Brashi. Lilikuwa geti zito la chuma, kisha ua mdogo, na chini ya banda la mabati pikapu ya kijani yenye pua ya mviringo. Mama yake Brashi, mjane mwembamba aliyejifunga kanga iliyofifia, alikuwa ameketi kwenye ngazi ya jiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mama alimtazama, kisha akaitazama pikapu. "Usiisumbue sana."

Fundi alifungua boneti. Mahali pa betri palikuwa na kutu tu. Alipima, akachora, akaandika kwenye daftari. Ilipofika saa kumi na moja na robo jioni, jua likiwa bado juu ya paa, honi ya pikapu ililia. Ililia mara moja, fupi, kama mtu mwenye mafua.

Fundi aliruka nyuma. Mama aliinuka bila haraka, akamimina chai. Brashi hakuinua hata macho kutoka kwenye kopo lake la rangi.

"Brashi," Fundi alisema taratibu, "gari hili halina betri."

"Najua. Ni mwaka wa tatu. Kila siku, saa hiyohiyo."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia ungekuja?"

Fundi aliigusa ile honi kwa ncha za vidole. Ilikuwa na joto, joto la kiti ambacho mtu ameondoka sasa hivi. Alijifuta mkono kwenye ovaroli.

"Ningekuja," alisema mwishowe. "Ila ningevaa viatu vya kukimbilia."

Siku zilikwenda. Waya za zamani zilikuwa zimefungwa kwa kitambaa kilichooza, kila alipozivuta zilimwaga unga mweusi. Alitoa dainamo, mtambo wa zamani wa kuchaji betri, akafunga alteneta. Alihamisha waya wa chanya, ambao wazee wa zamani waliufunga kwenye bodi, akaweka hasi mahali pake. Brashi alimshikia taa, akamletea maji, akampigia simu kila akifika kwake.

"Umefika, laazizi?"

"Nimefika zamani. Wewe unafanya nini?"

"Naandika bango la kinyozi. Nimeruka herufi mbili kwa kukuwaza."

"Basi nikate simu, kabla mtu hajanyolewa vibaya."

Walicheka. Lakini kila jioni, saa yake ikifika, waliacha kazi wote hadi honi ilie.

Wiki ya tatu Fundi aliing'oa honi. Ya volti sita ingeungua kwenye umeme mpya. Aliitia mkobani pamoja na vikorokoro vingine, akaupeleka mkoba gereji kwake, akarudi kufunga mpya.

Jioni hiyo robo ilipita kimya. Mama alisimama na birika mkononi. Alisimama dakika tano, kumi. Kisha akaliweka chini, akaenda kulala, jua likiwa bado linawaka.

"Umegusa nini?" Brashi aliuliza.

"Nimebadilisha honi. Uliniambia nibadilishe kila kitu."

"Si hiyo."

"Hukusema si hiyo."

"Kitu kama hicho mtu anahitaji kuambiwa?" Sauti yake ilikuwa ndogo, na hilo lilimuumiza Fundi kuliko kelele. "Umemfukuza baba nyumbani kwake."

Fundi alikusanya koleo na bisibisi zake, moja moja. "Nimefanya kazi uliyonipa," alisema. Akatoka, na nyuma yake akasikia komeo la geti likisukumwa.

Alipiga simu usiku huo. Haikupokelewa. Alipiga kesho yake mara nne. Siku ya pili alikuwa peke yake gereji, anasokota waya, mara honi ikalia ndani ya mkoba uliokuwa mezani.

Alijua sauti ile. Aliumwaga mkoba. Honi ilikuwa imelala kati ya balbu zilizokufa, ncha zake mbili hazikugusana na chochote, na bati lake bado lilikuwa linatetemeka. Alitazama saa ya ukutani, ingawa hakuwa na haja.

Siku ya tatu, saa kumi na moja na dakika kumi, alipiga tena. Brashi alikuwa uani, simu imelala gotini mwake inaita.

Mama alitokea mlangoni. "Simu hiyo inaita tangu juzi. Mpaka lini utamweka mtu nje?"

Brashi akapokea, akaweka sauti ya juu.

"Usiseme kitu," Fundi alisema. "Nisikilize tu. Subiri."

Walisubiri. Kisha, ndani ya simu, kutoka upande wa pili wa mji, honi ya pikapu ililia.

Mama alishika mwimo wa mlango. "Mwambie aje nayo," alisema. "Mwambie namuomba."

Fundi alifika asubuhi, honi ameifunga kwenye kitambaa chake cha njano. Brashi alimfungulia geti mwenyewe.

"Nilikukosea," Brashi alisema.

"Ulinikosea. Tutaongea. Kwanza mama."

Mama aliiweka honi mapajani. "Siku ile mimi na baba yako tulikuwa tumegombana," alianza, na Brashi akaketi chini, maana hakuwahi kulisikia hili. "Jambo dogo, hata silikumbuki. Jioni akapiga honi getini, mara moja. Nikasikia. Nikasema akae kidogo, ajue. Nikakunja nguo zote, moja moja. Nilipofungua, kichwa chake kilikuwa kwenye usukani. Majirani wakampeleka hospitali, gari wakalisukuma ndani. Yeye hakuingia. Miaka yote hii namimina chai, najifanya sijui anataka nini."

Brashi alimshika mama yake miguu.

"Ifunge hii hii, mwanangu," mama alimwambia Fundi.

"Mama, kwa umeme mpya italia mara moja tu, kisha itaungua."

"Na ilie hiyo mara moja."

Jioni Fundi aliunga waya za mwisho. Pikapu ilinguruma kwa mara ya kwanza tangu msiba, taa zake zikiwa nyeupe na kali. Brashi aliitoa barabarani, akazunguka mtaa, akasimama mbele ya geti lililofungwa. Ilikuwa robo kamili. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye ukingo wa usukani, mbali na kitufe cha honi; Fundi, aliyesimama kando ya barabara, aliiona.

Honi ililia yenyewe. Haikukwaruza tena. Ililia kwa nguvu zote za volti kumi na mbili, ndefu, hadi ndege wakaruka kwenye mabati, na mama alikuwa ameshakimbia, ameshavuta komeo, amefungua geti pande zote mbili. Moshi mwembamba ukatoka chini ya boneti, sauti ikakatika.

Brashi aliiingiza pikapu uani akazima. Mlango wa abiria ulifunguka polepole. Kiti kilikuwa kitupu. Mama alisogea pembeni kupisha, akangoja kwa muda wa mtu kushuka, kisha akaufunga mlango kwa kiganja.

"Pole kwa kungoja," alisema, akatangulia ndani.

Fundi alibaki ameegemea boneti yenye joto, bisibisi bado mkononi. Brashi alishuka, akasimama karibu naye.

"Umeona?"

"Nimeona. Usiniulize zaidi."

"Nina jingine la kukuuliza. Nataka kuja kwenu, niongee na wazazi wako. Nikuoe, ukikubali."

Fundi aliutazama mlango wa nyumba. Ndani, mama alikuwa anaongea na mtu, kwa sauti ya chini, ya kawaida kabisa, na mara moja akacheka.

"Nishike mkono kwanza," alisema.

Brashi aliushika. Ulikuwa na grisi na baridi.

"Ndiyo," Fundi alisema. "Njoo Jumapili."