Mkalimani wa Bibi Eulalia

Kila alasiri Marisela Treviño alirudi kutoka shule mjini Laredo, Marekani, mpakani na Meksiko, akipiga soga kwa Kiingereza na wenzake. Akishaingia nyumbani, alimsalimu bibi yake, Eulalia, kwa Kihispania. Ulimi ulijigeuza wenyewe. Kwa hiyo maumivu ya kichwa yalipomzidi Bibi, ilijulikana tu kwamba Marisela ndiye angempeleka kliniki kumtafsiria. Watoto wa mtaa ule wote walifanya kazi hiyo, na maringo yao hayakuwa madogo.

Siku hiyo kliniki ilifurika. Daktari aliuliza hili kabla lile halijajibiwa, na Bibi naye hakunyamaza. Kichwa cha Marisela kikaanza kuchemka. Alipotafuta neno la Kiingereza, la Kihispania lilitangulia, na jasho likamtoka.

"Mwambie pia nameza vidonge vya presha, vile ninavyonunua Meksiko, ng'ambo ya daraja," Bibi akasema.

Marisela akafungua kinywa. Maneno yakagongana, lisitoke hata moja. Daktari akatazama saa. Msichana yule aliyesifiwa na mtaa mzima akaona aibu.

"Anasema amekuelewa," Marisela akamwambia daktari.

Daktari akasema presha ya Bibi imepanda; wakapewa vidonge vikali vya kuishusha, wakaondoka. Njia nzima Marisela hakutulia. Nyumbani, Bibi alipanga dawa zote mezani, za kliniki na za ng'ambo, akajimiminia maji. Marisela alikaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Alijidanganya kwamba dawa ni dawa tu. Bibi alipoinua kidonge cha kwanza, Marisela alimshika mkono.

"Bibi, usimeze. Lile la vidonge vya Meksiko sikumwambia daktari."

Bibi alimtazama, akachukua mtandio wake. Wakarudi kliniki, wakamkuta Nesi Ofelia wa zamu ya jioni, ambaye alijua lugha zote mbili. Alivikagua vidonge, akamwita daktari. Dawa zilikuwa za aina moja. Bibi angezimeza zote, presha ingeshuka ghafla na kumwangusha.

Marisela akalia. Alisema huenda hajui lugha hata moja sawasawa.

"Unazijua," Nesi Ofelia akamwambia. "Lakini zote mbili ziko macho kichwani mwako muda wote. Ukisema Kiingereza, Kihispania hakilali. Ubongo unafanya kazi ya kukizuia kisitangulie, na ukiharakishwa, lugha zinakanyagana. Hata mimi hunitokea. Hilo si kosa, mwanangu. Kosa ni kuficha. Tena kutafsiri mambo ya dawa ni kazi ya watu wazima. Mkija tena, ombeni mkalimani."

Bibi alimpangusa mjukuu wake machozi kwa ncha ya mtandio.

"Ukikwama, sema umekwama. Nitakungoja hata mpaka kesho," alisema. "Ila usinisemee nisilolisema. Mwili huu ninao mmoja tu."