Nani Ameandika Hii Dawa ya Moto?

Miaka thelathini nilipanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji, enzi za herufi za madini ya risasi. Zilikuwa nzito. Siku moja sentensi nzima iliniangukia mguuni, nikachechemea mpaka nilipofika kwenye nukta.

Nayakumbuka sana mambo ya siku zile. Mhariri alisoma, mkaguzi akasoma tena, ndipo tukachapa. Nikazoea kuamini kwamba kilichopangwa vizuri ni kweli.

Mke wangu ni fundi cherehani. Asubuhi moja pasi ilimteleza, ikamchoma mkono wa kulia, mkono wa kazi.

"Mzee, nimeungua," alisema, taratibu kama anayeomba chumvi.

Nikachukua simu, nikaandika: dawa ya moto. Ukatokea ukurasa mzuri, mistari imenyooka, hauna kosa hata moja la tahajia. Ulisema: paka dawa ya meno. Nikakumbuka mama alivyonipaka utotoni, huku akinipulizia. Nikaifuata bafuni mbio, nikarudi nayo mkononi.

Mara akaingia jirani yetu muuguzi, aliyekuja kuchukua sare yake.

"Babu, unataka kuupiga mkono mswaki?"

"Imeandikwa hapa. Tena imepangwa vizuri."

"Maji kwanza. Bibi, njoo bombani." Akamvua pete kabla vidole havijavimba. "Yatiririke dakika ishirini. Barafu hapana, dawa ya meno hapana. Zinaumiza ngozi zaidi."

"Huyu angesoma nirukie kisimani," alisema mke wangu, "saa hizi ningekuwa nimelowa."

Maji yakitiririka, muuguzi akaniuliza, "Nani ameandika?"

Nikatafuta. Jina hakuna. Tarehe hakuna. Chini kabisa kulikuwa na picha ya chupa za mafuta ya kuuza.

"Kiwandani mngechapa karatasi isiyo na mwenyewe?"

"Ingeishia kapuni." Nikaiweka kando dawa ya meno. "Lakini mama yangu naye alinipaka."

"Mama yako alikupa alichokijua, babu. Sisi tumebahatika kujua zaidi."

Akanifundisha kuandika jina la jeraha pamoja na "wizara ya afya", kisha "hospitali ya rufaa". Kurasa zote mbili zilikuwa na mwenyewe na tarehe, na zilikubaliana: maji, kitambaa safi kisichonata, na aliyeungua mkono au uso, au aliyetoka malengelenge, aende kituo cha afya.

"Ukurasa mzuri ni wa kukufikisha kwa daktari," alisema, "si wa kukaa badala yake."

Tukaenda. Daktari aliufunga mkono, akasema maji yale yameokoa ngozi.

Siku hizi anwani za kurasa hizo mbili zimo kwenye simu yangu, zinasubiri kabla hatujaumia.

Wiki ya tatu nilisikia mkasi ukipita kwenye kitambaa. Nikasimama mlangoni.

"Unatafuta nini, mzee?"

"Sitafuti kitu. Endelea kukata."