Rangi Haikaushi Ukuta

Kila asubuhi Bibi aliamshwa na tone. Lilidondoka kutoka kwenye bati, likampata kwenye paji la uso kama lililolengwa.

"Huyu mwenye nyumba ana adabu," Bibi alisema huku akijifuta. "Fundi hatumi, lakini maji ya kunawa ananiletea mpaka kitandani."

Kisha alikohoa. Alikohoa mpaka mkwe wake akaja kumshika mgongo.

Bibi aliishi na mwanawe na mke wa mwanawe katika nyumba ya vyumba viwili. Ilikuwa moja katika safu ndefu ya nyumba za kupanga. Kuta ni za matofali ya saruji, paa ni bati tupu. Zilipojengwa, wapangaji waliahidiwa dari. "Hamieni kwanza, dari inakuja," waliambiwa. Watu wakahamia. Wakazaa, watoto wakaota ndevu, wajukuu wakazaliwa. Dari bado iko njiani. Labda inakuja kwa miguu.

Msimu wa baridi ulipoanza, familia ilijikinga kama ilivyojua. Mke alichukua matambara na mifuko ya plastiki, akaziba matundu yote ya hewa juu ya madirisha. Alianika nguo ndani, kwenye kamba iliyopita juu ya kitanda cha Bibi. Hita ya umeme iliwaka kutwa. Mita ya umeme ilikula uniti kama mbuzi shambani. Na chumba hakikupata joto. Kilipata maji. Beseni lilikaa kwenye miguu ya kitanda kupokea matone, na ukuta wa kichwani ulitoka madoa meusi ya ukungu.

Dawa ya madoa hayo ilikuwa moja. Mwana wa Bibi alikuwa mpaka rangi, mtaa mzima ukimwita Brashi. Kila mwaka ukungu ulipotokea, alileta kopo la rangi ya mafuta na kuupaka ukuta. Ukuta uling'aa. Baada ya muda madoa yalirudi, naye akapaka tena.

"Nyumba ya mpaka rangi haiwezi kuwa na madoa," alisema. "Watu watanionaje?"

Mwaka huu dada yake mkubwa alikuja kumwona mama. Alimsikia akikohoa. Akagusa ukuta, mkono ukatoka umelowa.

"Daktari amesema kifua cha mama hakitaki unyevu," alisema. "Nikirudi shule zikifungwa, nikikuta ukuta huu bado unatoka jasho, mama naondoka naye."

"Kwenda wapi?" Bibi aliuliza.

"Kwangu, mama. Una chumba chako."

"Kwako hakuna hata mtu mmoja ninayemdai maneno. Hapa nimezeeka. Marafiki zangu wako hapa, na maadui zangu pia. Nitagombana na nani huko?"

Walicheka wote, ila Bibi. Dada alipoondoka, Brashi alitoka. Alirudi na kopo la rangi.

Mkewe alimtazama. Kisha akaenda kumwita jirani.

Jirani huyo mtaa ulimwita Barafu. Alikuwa mwanamke fundi wa vyumba vya baridi, vile vya kuhifadhia maziwa na nyama. Aliingia, akanusa, akatazama juu.

"Shoga," alimwuliza mke wa Brashi, "ukifunika sufuria ya uji kisha ukafunua, mfuniko una nini?"

"Maji."

"Nani ameyamwaga?"

"Hakuna. Ni mvuke wa uji."

"Basi bati hili ni mfuniko. Uji ni nyinyi. Mnapumua, mnapika, mnaanika nguo humu. Mvuke unapanda, unakutana na bati baridi, unakuwa maji. Na matundu mmeyaziba, mvuke hauna pa kutokea."

"Tuliziba baridi isiingie."

"Mmemfungia mwizi ndani. Na umeme ukikatika, jiko la makaa mmewahi kulileta humu?"

Mke alitazama sakafu. "Mara moja tu."

"Mara moja ndiyo inayoua. Hewa ya makaa haina harufu wala haibishi hodi. Nyumba imezibwa hivi, mngelala msiamke. Tafadhali, usirudie."

Brashi alikuwa amesimama na brashi yake mkononi.

"Haya, juu ni mvuke. Na ukuta huu? Nimeupaka rangi bora kuliko ya ofisi za serikali."

"Nimeona, shemeji. Unang'aa mpaka unatia huruma."

Barafu alitafuta mahali ambapo rangi ilikuwa imevimba kama lengelenge. Akalitoboa kwa bisibisi. Maji yalichuruzika mpaka sakafuni.

"Haya hayakutoka kwenye uji," alisema. "Yametoka nyuma ya rangi. Twende nje."

Nje, ilionekana wazi. Mfereji wa paa ulikuwa umeoza na kuanguka zamani. Mvua yote ya bati ilimwagika chini ya ukuta wa Bibi. Udongo nao ulikuwa umerundikana mpaka karibu na dirisha. Ukuta ulikunywa maji kutwa, na ndani rangi ya mafuta iliyazuia yasitoke.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeufunga mlango," Brashi alisema polepole.

"Kila mwaka, kwa kufuli jipya."

"Basi tuweke dari kesho! Tuzuie joto lisitoke."

"Hapana. Mtu akinyeshewa, unamvika koti juu ya nguo mbichi? Unamkausha kwanza. Maji kwanza, joto baadaye. Ukikosea mpangilio huo, utaozesha na dari yenyewe."

Kazi ilianza. Bibi alihamishiwa chumba kingine. Brashi alifunga kitambaa puani na mdomoni. Aliulowesha ukuta ili vumbi lisiruke, akaanza kuparua. Chini aliweka turubai, ili mabaki yakusanywe na kutupwa mbali na watoto. Rangi ilitoka kwa maganda mazito, tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu. Kati ya kila tabaka kulikuwa na weusi wa ukungu.

Bibi alisimama mlangoni, shuka imeziba pua, akisoma maganda kama mtu anayesoma kalenda.

"Kijani hicho ni mwaka tuliokosa maji. Bluu ni mwaka uliooa. Njano..." Aliinyooshea kidole. "Njano naikumbuka vizuri. Mwaka ule mfereji ulianguka. Tulikwenda safu nzima kudai mfereji mpya. Wakatuletea kopo la rangi, kila nyumba kopo moja. Tukashukuru! Wewe ulikuwa kijana. Ulipaka nyumba zote za safu, na ndiyo kazi iliyokupa jina."

Brashi aliacha kuparua. "Tuliomba mfereji, tukapewa rangi," alisema.

"Na tukapiga makofi, mwanangu. Usisahau makofi."

Siku iliyofuata walikwenda tena kwa msimamizi wa nyumba. Bibi alitangulia. Nyuma yake walikuja wapangaji wa safu nzima, maana kila mmoja alikuwa ametoboa lengelenge lake na kuona maji.

Msimamizi aliwatazama kutoka kwenye kiti chake. "Unyevu unaletwa na nyinyi wenyewe," alisema. "Mnapumua sana mkiwa wengi chumbani."

"Sawa," Bibi alisema. "Tuandikie kwenye mkataba kwamba kupumua ni marufuku. Ila mpaka uandike, paa na kuta ni za mwenye nyumba, na mfereji ni wa paa."

"Nitaona. Labda kwa sasa niwaletee rangi..."

Watu walicheka kicheko kibaya. Hakuna aliyeondoka. Walikaa chini mlangoni pake, wakatoa vyakula vyao, wakaanza kula. Mteja aliyekuja kuuliza chumba aliwauliza wapangaji nyumba zikoje. Wakamwambia. Msimamizi aliinuka haraka akapiga simu.

Mifereji ililetwa wiki ile ile.

Wapangaji walisaidiana kuondoa udongo kwenye kuta na kuchimba mtaro wa kupeleka maji mbali. Kisha walingoja ukuta ukauke. Hiyo ndiyo sehemu iliyomshinda Brashi. Kila siku aliugusa. Kila siku Barafu alimwambia, "Bado, shemeji. Ukuta si chapati, haugeuzwi." Ulipokauka kweli, Brashi aliupaka chokaa, kwa sababu chokaa huruhusu ukuta kupumua.

Sasa ikaja zamu ya joto. Kazini kwa Barafu kulikuwa na vipande vilivyobaki vya kuta za vyumba vya baridi: bati huku na huku, katikati sponji ngumu. Mkubwa wake alimruhusu kuvichukua.

"Lakini hivi ni vya kutunza baridi," Brashi alisema.

"Havijui baridi wala joto. Vinazuia tu joto lisipite. Kwa maziwa, joto lisiingie. Kwa Bibi, lisitoke."

Fundi wa umeme alikagua nyaya kwanza, zisije zikabanwa na kupata moto. Kisha walifunga vipande vile chini ya paa, vikawa dari. Waliacha nafasi ya upepo kati ya dari na bati. Maungio yote waliyaziba upande wa chumbani, ili mvuke usipenye kwenda kukutana na bati. Walitia mpira chini ya mlango, wakaziba nyufa za madirisha. Matundu ya hewa waliyafungua.

"Nyufa unaziba, matundu unafungua?" mke aliuliza.

"Ufa unaingiza upepo unapotaka wenyewe. Tundu limewekwa kwa kazi: kutoa mvuke."

Mke alijifunza mengine: kufunika sufuria, kufungua madirisha ya pande mbili kwa muda mfupi baada ya kupika, kuanika nguo nje chini ya kibanda. Kitanda cha Bibi kilirudi, lakini kilisogezwa kidogo kutoka ukutani ili hewa ipite.

Shule zilifungwa. Dada alifika na begi kubwa tupu la kumfungashia mama.

Hakusalimu vizuri. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akaweka kiganja. Kilitoka kikavu, na chokaa kidogo. Akatazama juu, akingoja tone. Tone halikuja. Baada ya muda alivua sweta.

"Wifi, hita mmeiweka wapi? Mbona joto hivi?"

"Iko chini ya kitanda. Tunaiwasha kidogo jioni, tunaizima. Joto linabaki."

"Na kikohozi?"

"Kipo kidogo," Bibi alijibu mwenyewe, "cha kuitia watu."

Dada aliketi kitandani, begi mapajani. Bibi aliinuka, akalichukua begi, akatia ndani lile beseni la matone.

"Mama, unafanya nini?"

"Umekuja na begi, usiondoke mikono mitupu. Hapa halina kazi tena. Chukua, ukafulie." Akamsukuma binti yake taratibu kuelekea nje. "Na ukitoka, funga mlango. Joto hili ni letu."