Nyundo ya Stoo

Mwenye pikipiki alifanya kosa la kugeuka nyuma.

Shangazi aliona bastola ikichomoka kwenye jaketi, akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Probox yake nyeupe ikaikumba Yamaha ubavuni. Pikipiki ikaburuzika kwenye lami, ikaingia chini ya meza ya muuza chaja, nyaya zikatapakaa barabarani. Mtu yule akanyanyuka akichechemea, akamimina risasi kwenye kioo cha mbele cha gari, kisha akakimbilia ndani ya jengo la maduka ya kompyuta.

Shangazi akatoka na vipande vya kioo kichwani.

Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale idara ya upelelezi. Lilikuwa jina la redioni, alilobandikwa enzi za mafunzo kwa tabia yake ya kumuuliza kila mtu kama amekula. Wenzake walicheka sana wakati ule. Siku hizi wanaocheka ni wageni, nao hawarudii.

"Shangazi, Mkuu hapa," redio ikakwaruza sikioni. "Diski iko wapi?"

"Ana mfuko mgongoni. Anapanda ngazi."

"Nataka diski. Yeye simhitaji."

"Nimekuelewa."

Ngazi zilikuwa nyembamba, zimebanwa na maboksi ya printa. Risasi ikachimba ukuta karibu na shavu lake. Akaendelea kupanda. Ghorofa ya pili wateja na wauzaji walikuwa wamelala kifudifudi pamoja, wamesahau kupatana bei. Ghorofa ya tatu mlango mmoja ulikuwa wazi.

Ndani, mwenye pikipiki alikuwa amemkaba muuza diski, mtu mnene wa miwani, na mtutu ameuzamisha shavuni kwake.

Shangazi akafyatua kwanza.

Risasi ikamchana bega, bastola ikamtoka. Hakuanguka. Alimrukia Shangazi na damu yake yote, wakabwagana juu ya meza ya ufundi, Glock yake ikateleza chini, na vidole vya mwanamume yule vikamkaza koo. Macho yakaanza kuingia giza. Mkono wake ukapapasa mezani, katikati ya skrubu na nyaya, ukakigusa chuma cha kulehemu. Kilikuwa bado kina moto.

Akamchoma nacho shingoni.

Ukelele ulikuwa mbaya, na harufu mbaya zaidi. Mtu yule akaporomoka, hakuinuka tena, na muuza diski akaanza kulia taratibu.

Shangazi akafungua mfuko. Kamba ya nailoni. Mkanda wa gundi. Kisu.

Diski haikuwemo.

Akaelewa. Mtu huyu hakutumwa kuhamisha diski. Alitumwa kumziba mdomo aliyeiuza. Diski ilibaki kulekule kwenye ghala la mabegi alikotokea, naye Shangazi, kwa papara zake, ameliacha ghala na kukimbizana na pikipiki mjini.

Balaa lenyewe lilianzia stoo. Makampuni makubwa ya akili bandia yalikuwa yamezoa diski zote madukani, bei ikapanda, ikapanda tena, mpaka diski moja ikaipita bei ya friji. Idara ilikuwa na desturi yake. Diski ikishatumika, mtunza stoo huitia doa la rangi nyekundu ya kucha, huipeleka ua wa nyuma, na huiponda kwa nyundo hadi isitamanike hata na muuza vyuma chakavu. Mkuu akaona huo ni ufujaji. Akaagiza diski zifutwe na kuuzwa, ili hela isaidie kununua mpya. Zikafutwa kwa kubofya mara moja tu, kufuta kwa mvivu, ambako vitu vyote hubaki chini vinamsubiri mwenye kuvifukua. Nyundo ikatundikwa ukutani.

Na katika diski mojawapo alikuwamo mshonaji.

Mama wa mapacha, sauti ndogo, mkono mwepesi. Alishona mabegi yenye sakafu mbili, na katikati ya sakafu hizo waajiri wake waliingiza bunduki zilizofunguliwa vipande vipande. Ndiye aliyekuja mwenyewe kusema. Siku aliyorekodiwa ushahidi wake, uso wazi, alimtazama mtunza stoo akiitia diski doa jekundu, akauliza, "Na hii baadaye?"

"Tunaivunja, mdogo wangu," Shangazi alimjibu. "Nakuahidi."

Asubuhi ya leo mshonaji alipeleka chai ofisini kwa bosi wake, akaliona doa lile mezani, akampigia Shangazi simu.

Shangazi akamgeukia muuza diski, akamwinua kwa ukosi. "Waliichukua lini?"

"Jana, dada. Mimi mfanyabiashara tu, sijui ilikuwa na nini ndani."

"Walinunua na kitu kingine?"

Muuza diski akajikuna. Shangazi akafuata macho yake mpaka mezani. Palikuwa na kasha jeusi la diski, jipya, lina maandishi ya kung'aa, na mfuniko wake haujafungwa. Ndani yake nati nne za lori zilikuwa zimegandishwa kwa gundi, pembeni yake kikadi kidogo cha kumbukumbu cha simu.

"Nati za nini?"

"Uzito. Mteja akiishika ajue kashika mali."

"Na wao uliwauzia hii?"

"Walitaka kubwa ya kunakilia, kwa bei poa. Dada, bei poa siku hizi ya kutoa wapi? Nikawatengenezea. Kompyuta inaiona kubwa, lakini ikijaa kidogo tu, inaanza kujiandika juu kwa juu. Ukija kufungua, takataka tupu."

Shangazi alitaka kucheka, lakini koo lilikuwa linauma. Akalifunga kasha lile, akalitia mfukoni. Lilikuwa zito sawasawa.

Simu ikatetemeka. Mshonaji alikuwa ananong'ona.

"Dada, wanatuita wote juu. Wanasema wanajua mmoja wetu kaongea. Wanamalizia kunakili, halafu wataangalia ni nani."

"Mapacha wako wapi?"

"Kwa mama."

"Umekula?"

"Dada, mlisema mtaivunja."

"Nilisema. Nakuja."

Alishuka ngazi tatu tatu. "Mkuu, nahitaji watu ghalani."

"Wako upande wa pili wa mji. Wasubiri. Narudia, wasubiri."

"Redio inakwaruza, Mkuu," Shangazi akasema, akaizima.

Probox ililivunja geti la mabati la ghala ikiwa peke yake, bila dereva, tofali limekandamiza mafuta. Walinzi wawili wakaimiminia risasi kwa bidii kubwa. Walitoboa viti, milango na redieta. Walikuwa bado wanaitoboa Shangazi alipotokea nyuma yao kupitia uchochoro wa kiwanda cha rangi.

Risasi mbili. Mmoja aliangukia boneti, mwingine aliangukia mwenzake.

Chumba cha cherehani kilikuwa kirefu, mabegi yamerundikwa hadi dirishani. Vyerehani vingine vilikuwa bado vinanguruma, vimeachwa ghafla. Pandikizi la mtu likatokea nyuma ya marobota, likamtandika kwa gongo la chuma, Glock ikaruka. Pigo la pili lilimpata mbavuni. Kitu kilivunjika humo ndani, alikisikia.

Akapiga magoti. Lile jitu likainama limnyanyue.

Shangazi akaudaka mkono wake, akaupindua juu ya meza, akakanyaga pedali. Sindano ya cherehani ikapita kwenye kiganja, ikarudi, ikapita tena. Jitu likalia kama mtoto. Shangazi akakamata gongo kwa mikono miwili, akalipiga kichwani mpaka likanyamaza, kisha akaongeza moja, kwa ajili ya mbavu zake.

Akaokota Glock. Akapanda.

Ofisi ilikuwa na ukuta wa kioo. Washonaji walikuwa wamepiga magoti kwa mstari, mikono kisogoni. Mbele yao, nyuma ya kompyuta, alisimama bosi wao, mtu wa glavu nyeupe. Walimwita Daktari, ingawa hakuwahi kumtibu mtu. Alikuwa mwangalifu, na uangalifu huo ndio uliomfanya asiifungue diski ya idara moja kwa moja. Alitaka kwanza inakiliwe, asije akaiharibu.

Sasa alikuwa anatazama nakala. Skrini ilijaa mistari ya rangi rangi na alama zisizosomeka.

"Nini hii?" akamuuliza fundi wake.

"Bosi, imenakili yote. Sielewi."

Daktari akampiga risasi ya goti. "Elewa," akasema, akaikwapua ile diski yenye doa jekundu aichomeke mwenyewe.

Shangazi akapasua kioo kwa risasi.

Mlinzi wa mlangoni alikufa bado ameshika kitasa. Lakini Daktari alikuwa mwepesi. Alikuwa ameshamvuta aliyekuwa karibu, bibi wa kushona zipu, mkubwa kuliko wote, akamweka mbele yake kama ngao. Mtutu ukakaa kwenye sikio la bibi.

"Weka chini."

Shangazi akaiweka Glock sakafuni. Kila pumzi ilimchoma ubavuni.

"Sihitaji diski tena," Daktari akasema. "Msaliti ajitaje, ama huyu mzee anakufa, na anayefuata, na anayefuata."

Bibi wa zipu akafumba macho. "Nyamazeni, wanangu," akasema. "Mimi nimeshakula chumvi ya kutosha."

Shangazi alimtazama mshonaji. Alimwomba kwa macho abaki chini. Aliomba kwa nguvu zake zote.

Mshonaji akasimama.

"Ni mimi," akasema. "Mwache bibi."

Daktari akageuza kichwa kumtazama. Alitabasamu, maana hakuwahi kumdhania huyu. Mtutu ukaliacha sikio la bibi, ukaanza kumwelekea mshonaji.

Shangazi akatoa kasha mfukoni, akalivurumisha.

Nati nne za lori zilimpata Daktari kati ya macho na pua. Mfupa ukalia. Risasi yake ikaingia darini. Mshonaji akamfikia kabla hajajishika, akiwa na mkasi wa kukatia turubai aliouficha kiunoni, akauzamisha pajani kwake mpaka kwenye mpini. Glavu nyeupe zikawa nyekundu. Daktari akainua tena bastola, akiwa hamwoni anayemlenga.

Shangazi alikuwa ameshaokota Glock. Akafyatua mpaka ikakauka.

Bibi wa zipu alimvuta mshonaji kifuani, akamkumbatia, na wote wawili wakaketi palepale kwenye vioo, wanalia.

"Hapa hakuna aliyesikia neno," bibi akawaambia wengine. Nao wakaitikia kwa vichwa, mmoja mmoja.

Jua lilikuwa bado halijatua walipofika ua wa nyuma wa idara. Mtunza stoo aliwafungulia geti, akaona damu, akaona diski yenye doa lake mwenyewe. Akashindwa kuinua uso. Alikwenda ndani, akarudi na nyundo, akaipangusa vumbi kwa shati.

Shangazi hakuipokea. Alimwonyesha mshonaji kwa kidevu. "Mpe mwenyewe."

Mshonaji akaishika nyundo kwa mikono miwili. Diski ilikuwa juu ya jiwe, ndogo, ya kijivu, haina hata mkwaruzo.

Simu ya Shangazi ikaita.

"Kazi nzuri," Mkuu akasema. "Tutaongea kuhusu gari. Ile diski, bado nzima?"

"Nzima."

"Basi usiiguse. Wahasibu wanahitaji moja, na bei imepanda tena leo. Itafutwa vizuri safari hii, nasimamia mwenyewe. Shangazi? Unanisikia?"

"Subiri, Mkuu. Sikiliza."

Akaweka spika, akaielekeza simu kwenye jiwe.

Pigo la kwanza lilikuwa dogo, la mtu anayeogopa kuharibu kitu cha watu. La pili likatoboa mfuniko. Baada ya hapo mshonaji hakuhesabu tena. Alipiga huku machozi yakimdondoka kidevuni. Alipiga mpaka visahani vya ndani vikawa chenga, na doa jekundu likapotelea kwenye mavumbi. Mtunza stoo alisimama pembeni, kofia mkononi.

Mkuu alikuwa anapiga kelele simuni. Shangazi akamkatia.

Akaichukua nyundo mikononi mwa mshonaji, polepole, akaiegemeza ukutani mahali ambapo kila mtu angeiona asubuhi.

"Haya, mdogo wangu," akasema, akishika mbavu zake. "Mapacha wanasubiri. Twende tukatafute chakula njiani."

Wakatoka getini kwa miguu, maana gari halikuwepo tena.