Maini Ndani ya Maharage

Kila alasiri akitoka shule, Mashavu alipitia buchani kwa baba yake. Hakwenda kuzurura wala kuomba hela ya pipi. Alikuwa na kazi yake, na ole wake mtu aliyeigusa: kuchagua nyama ya chakula cha usiku. Alisimama mbele ya ndoano, mikono kiunoni, akaikagua nyama kana kwamba duka ni lake. Akinyoosha kidole, baba alikishusha kipande, akakikata juu ya gogo, akamfungia. Nyumbani Mashavu alikipika mwenyewe. Baba akionja tu, alitikisa kichwa na kusema, "Mkono huu si wa mchezo!" Basi hapo Mashavu alivimba kichwa mpaka usiku.

Raha hiyo ilikatika siku kidole gumba cha mguu wa baba kilipovimba na kuwaka moto. Hata shuka likikigusa, alipiga ukelele. Daktari alisema ni ugonjwa wa jongo.

"Nyama si sumu," alisema daktari, "lakini wewe unaila asubuhi, mchana na jioni. Sasa kula mara moja kwa wiki, tena kipande kidogo. Maini na supu ya mifupa, achana navyo kabisa. Sahani yako ijae maharage, dengu, mboga za majani na matunda."

"Mimi muuza nyama nile majani?" baba alilalamika walipofika nyumbani. "Wateja watanicheka mpaka mbavu ziwaume!"

"Wacheke wachoke," mama alimjibu. "Kidole ni chako, si chao."

Aliyeingia jikoni jioni hiyo hakuwa Mashavu. Alikuwa binamu yake, mtoto wa shangazi, aliyekuja kuishi nao kwa sababu mama yake alipata kazi mbali. Alikuwa msichana mkimya, na kwao nyama ililiwa mara mojamoja. Alikaanga vitunguu taratibu, akatia nyanya, karoti na tangawizi, kisha akamimina maharage. Baba alikaa mezani amenuna. Akaonja. Akaonja tena. Mwishowe akaifuta sahani kwa kidole.

"Mpwa wangu," alisema, "ulikuwa wapi siku zote?"

Loo! Maneno hayo yalimchoma Mashavu. Alimtazama binamu yake akitabasamu, akatamani lile tabasamu limkwame kooni. Kila siku ikawa mpwa wangu hivi, mpwa wangu vile. Mashavu akaambiwa akaoshe vyombo.

"Baba anajikaza tu," alijiambia, roho ikimuuma. "Akipata ladha ninayoijua mimi, atashtuka, atauliza ni ya nani. Hapo nitajitokeza."

Kesho yake aliokota vipande vya maini vilivyobaki kwenye sinia buchani, akavificha ndani ya mkoba wa shule. Nyumbani aliyachemsha upesi, akayaponda yakawa uji. Binamu alipotoka kuteka maji, Mashavu aliyamimina maini na mchuzi wake katika sufuria ya maharage, akakoroga.

Baba alionja, macho yakamtoka. Mashavu alikaa tayari kujibu.

"Lahaula! Mpwa wangu, leo umejishinda mwenyewe! Umetia nini humu?"

"Nimepika kama jana tu, mjomba," alijibu binamu kwa mshangao.

"Msikieni! Hata kujisifu hajui!"

Mashavu alijikuta njia panda. Akisema, atagombezwa. Akinyamaza, sifa zinakwenda kwa mwingine. Akanyamaza. Lakini wivu hauna akili: siku zilizofuata alirudia mchezo uleule, akingoja baba aitambue ladha yake. Baba aliongeza sahani, na sifa zote akambebesha binamu.

Halafu asubuhi moja baba alishindwa kukanyaga chini. Kidole kilikuwa kimevimba kuliko mara ya kwanza. Bucha halikufunguliwa, na wateja waligonga mlango, wakaondoka wakinung'unika.

"Ni haya maharage!" mama alisema kwa hasira. "Tangu aanze kuyashangilia ndipo maradhi yamerudi. Binti, usiguse tena sufuria. Na nadhani ni afadhali uende kwa bibi yako mpaka mjomba apone. Siwezi kuuguza na kulea."

Binamu hakubisha. Aliingia chumbani, akaanza kukunja nguo zake huku machozi yakimdondoka. Mashavu alisimama mlangoni. Si ndicho alichokitaka? Alingoja moyo ufurahi, lakini ulikuwa mzito.

"Mtazame sana mjomba," binamu alimwambia bila kuinua uso. "Mimi mkono wangu umemdhuru."

Mashavu aligeuka, akakimbilia chumba cha baba.

"Baba, si maharage. Ni mimi. Nilikuwa natia maini."

"Maini?" mama alifoka. "Unataka kumuua baba yako?"

Baba aliinuka ghafla, kidole kikagonga ukingo wa kitanda, akapiga kelele iliyosikika kwa majirani. Maumivu yalipotulia aliuliza kwa sauti ndogo, "Kwa nini, mwanangu?"

"Kwa sababu unamsifu yeye tu! Mimi umenisahau."

Baba alimvuta karibu na kitanda. "Mwenzako yuko mbali na mama yake. Nilimsifu ili asijione mgeni. Wewe nilidhani huna haja ya kuambiwa. Hapo nilikosea, nisamehe. Lakini kosa langu lilikuwa la mdomo. Lako limeniingia mguuni, na limetaka kumfukuza mtu asiye na hatia. Nenda ukamwombe radhi."

Mama ndiye aliyetangulia, akazitoa nguo za binamu ndani ya begi na kumwomba msamaha. Kisha ikawa zamu ya Mashavu.

Binamu alimsikiliza, akakunja uso. "Kwa hiyo sifa zote zile zilikuwa za maini?"

"Siku za mwanzo zilikuwa zako," Mashavu alisema. "Ndizo zilizoniuma."

"Basi vitunguu vya wiki nzima utamenya wewe."

Alivimenya, akalia, ikawa vigumu kujua analia vitunguu au aibu. Mguu wa baba ulipona taratibu, bucha likafunguliwa. Nyama haikufukuzwa nyumbani: ililiwa mara moja kwa wiki, vipande vidogo katikati ya mboga nyingi.

Jioni moja, wote wakiwa mezani, baba alisema, "Mashavu, ulitaka kunipendeza, lakini ulinipa kile cha kukuletea sifa, si kile ambacho mwili wangu unahitaji. Wivu hukufanya umtazame mwenzako mpaka usimwone mgonjwa aliye mbele yako. Ukimpenda mtu, anza na afya yake." Akachota dengu. "Tamu! Nani kapika leo?"

Dengu alizipika Mashavu, na angesema ujuzi wote ni wake, kila mtu angemwamini.

"Nimepika mimi," alisema, "lakini viungo kanifundisha yeye. Bila yeye zisingelika."

Roho ilimuuma kidogo kuyasema hayo, lakini aliyasema.